Msumeno Mwembamba wa Kukatia Nakshi

Msumeno ambao kila mtu amekwisha kuuona kwa seremala ni ule mpana, ukatao moja kwa moja. Ukijaribu kuupindisha katikati ya ubao hukwama, na ukiushurutisha ubao hupasuka. Basi kwa kazi ya kukata maua, majani, herufi na sanamu za wanyama katika mbao nyembamba hutumika msumeno wa namna nyingine kabisa. Wembe wake, yaani ule uzi wa chuma wenye meno, una urefu wa inchi 5 tu, nao ni mwembamba hata waweza kugeuka kona mahali pale pale uliposimama. Hushikwa ncha zote mbili na kukazwa kama uzi wa zeze. Fundi akiugusa kwa kidole nao ukalia kwa sauti kali, hujua ya kuwa umekazwa vema. Ukilia kwa sauti nzito, utapinda ndani ya ubao na kuuharibu mstari.

Misumeno ya namna hii ni ya aina mbili. Mmoja ni wa mkono, una upinde mrefu wa chuma na mpini. Wa pili ni mashine, ambayo hapo zamani ilikanyagwa kwa miguu kama cherehani, na siku hizi huendeshwa kwa umeme, wembe ukipanda na kushuka kati ya mara 400 na 1,800 hivi kwa dakika. Kwa yote mawili, meno ya wembe hutazama chini, ili uukandamize ubao juu ya meza unapokata. Mwanafunzi akiutia juu chini, ubao huruka-ruka mikononi mwake, naye hudhani mashine ni mbovu.

Kazi yenyewe huanza na mchoro. Karatasi ya mchoro hubandikwa juu ya ubao kwa gundi hafifu, kisha kila sehemu itakayotolewa hutobolewa tundu dogo kwa keekee. Wembe hufunguliwa ncha moja, ukapitishwa tunduni, ukafungwa tena na kukazwa. Ndipo sehemu ile ikatwe na kuanguka. Nakshi yenye matundu 60 hutaka wembe ufunguliwe na kufungwa mara 60. Nyembe hukatika pia, hata mikononi mwa mafundi hodari, wala si jambo la kuonea haya.

Linalowashinda wengi ni mchoro. Tuseme mtu ataka kukata neno KARIBU litundikwe mlangoni, herufi ziwe matundu yapitishayo mwanga. K, I na U hazina taabu. Lakini A ina kipande cha katikati, R ina kimoja, na B ina viwili. Akikata kwa kuufuata mstari wa herufi, vipande hivyo vinne vitaanguka sakafuni pamoja na mabaki, wala havirudi. Ni lazima mwenye kuchora aache vijiti vyembamba vya kuviunganisha na ubao, navyo huitwa madaraja. Tena daraja likiwa jembamba huku nyuzi za mti zimelikata kwa upana, litavunjika kwa kusuguliwa msasa tu. Ndiyo sababu kazi za namna hii hufanywa mara nyingi kwa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimegandishwa nyuzi zikipishana, moja huku na moja kule.

Kosa kama hilo huonekana kwa shida na yule aliyechora, maana yeye huona kile alichokusudia. Huonekana upesi na mwenziwe atakayekata. Kwa ajili hiyo wapendao kazi hii tangu zamani wamekuwa watu wa kupeana michoro. Huko Uingereza, katika mji wa Dereham, lilianza mwaka 1895 gazeti la kila juma lililoitwa Hobbies, na wasomaji walipewa pamoja nalo karatasi za michoro ya kukata. Makarani na vijana waliokuwa hawajapata kusomea useremala walikaa jioni nyumbani wakakata rafu, fremu za picha na visanduku kwa mchoro ule ule uliofika kwa wenzao mamia ya maili mbali. Kwetu Afrika Mashariki mbao zilizotobolewa kwa nakshi ni kitu cha zamani pia; atakaye na aitazame roshani ya zahanati ya kale ya Unguja, jengo lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Kuna njia moja ya kukata ambayo yawafaa sana watu wa kikundi. Mbao tatu au nne nyembamba hupangwa moja juu ya nyingine, zikafungwa kwa utepe wa gundi au misumari midogo pembeni, kisha zikakatwa kwa pamoja. Mtu mmoja hukata, na watu wanne hupata kazi sawa. Mwenye mchoro wa mtu mwingine, hata hivyo, yafaa aandike jina la aliyechora, na asiuze kazi hiyo kabla ya kumwomba ruhusa. Wachoraji wengi hutoa michoro yao bure. Kuibiwa jina ndiko huwaudhi.

Vumbi nalo lisidharauliwe kwa kuwa ni laini. La mvule huwasha macho na kifua, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe zile ndogo. Barakoa ifaayo na dirisha lililo wazi ni bora, na watoto wasichezee chumba kile.

Karatasi nzuri ya kumpa mwenzio huandikwa pembeni unene wa ubao, namba ya wembe, na mahali palipovunjika wakati wa kukata mara ya kwanza. Tena huandikwa ya kuwa sehemu za ndani zitangulie, kuanzia katikati kwenda nje, na mstari wa nje uwe wa mwisho, ili ubao uwe na nguvu na mahali pa kushika mpaka kazi imekwisha. Neno KARIBU likikatwa mara ya pili kwa karatasi kama hiyo, vile vipande vinne vitabaki mahali pake.