Arusi Lamu: Bibi Atafikaje?

Vijana wetu wengi sasa hutamani arusi ya kisiwani, na Lamu ndiyo hutajwa kwanza. Chaguo ni jema, ila kabla ya kulipa arubuni wazazi na waulize: bibi atafikaje? Ndege hutua Manda, gari hukomea Mokowe; kote kuwili huvukwa kwa boti, kisha hupitwa vichochoro visivyoingia gari, kwa miguu au juu ya punda. Watoto watafurahi. Bibi mwenye magoti mabovu huenda akabaki nyumbani, na dua yake ikakosekana. Basi itafutwe nyumba iliyo karibu na gati.

Kina mama nao wana haja yao. Hoteli ya ufuoni yenye baa haiwapi pa kuvua buibui wakaimba. Bora kukodi nyumba ya kale, yenye daka la kupokelea wanaume na kiwanda, yaani ua wa ndani uliozingirwa na kuta. Hata hapo, ulizeni ni nani awezaye kuchungulia kutoka darini kwa jirani.

Tarehe pia ipimwe. Kusi likivuma, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka. Na Maulidi ya Mfunguo Sita hujaza vyumba mapema.