Usilipake Rangi: Kuuza Gari la Zamani Katika Nchi ya Majani Chai

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Timu ya kiwanda ilikuwa imeshaikimbiza kabla haijamfikia yeye. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer, lakini ushindi wa ile Volvo iliyokwisha kutumika ndio unaowagusa zaidi watu wanaopenda magari ya zamani. Gari ambalo wengine walikuwa wamemalizana nalo lilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Katika vilima vya Kericho na Bomet, magari na chai vimekwenda pamoja tangu kampuni kama Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa miaka ya 1920. Jani likishachumwa halingoji mtu. Likirundikwa kwenye gunia na kuchelewa kufika kiwandani, hupata joto, huungua na kupoteza ubora. Ndiyo sababu Land Rover zilijaa mashambani, pikapu za Peugeot 404 zikapanda na kushuka barabara za udongo mwekundu, na wasafiri wa kwenda Nairobi wakabanana ndani ya Peugeot 504. Gari lilitunzwa kwa kuwa likilala gereji, hasara ilionekana siku hiyo hiyo. Yapo yaliyobaki hadi leo, yamefunikwa turubai chini ya mabati nyuma ya nyumba ya mzee. Kisha inafika siku ambayo karo inahitajika, au mwenye gari amefariki, na mtu wa vyuma chakavu anakuja na mizani yake.

Hapo ndipo mali nyingi hupotea. Gari la zamani lililotunzwa lina soko lake, na soko hilo halipimi kwa kilo.

Mwenye bahati kuliko wote ni yule ambaye chini ya turubai lake pana gari la Kimarekani la miaka ya 1960, lile la mtindo wa nguvu: umbo la kawaida la barabarani, milango miwili, injini kubwa ya silinda nane. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya mwaka 1964, gari la ukubwa wa wastani lililotiwa injini ya lita 6.4. Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili mwaka huo huo. Dodge Charger na Chevrolet Camaro zikafuata. Yalikuwa magari ambayo kijana mwenye mshahara wa kawaida Marekani aliweza kuyamudu, mpaka bima ilipopanda, sheria za moshi zikakazwa, na bei ya mafuta ikaruka mwaka 1973.

Kenya iliyaona magari ya jamii hiyo mapema. Katika Safari ya mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta Mercury Comet sita zilizoandaliwa Marekani. Matope na mawe yakazishinda. Mbili tu ndizo zilizofika mwisho, na ushindi ukachukuliwa na Ford Cortina, gari dogo la Uingereza. Miaka 45 baadaye hesabu ikageuka. Mkenya Ian Duncan, aliyekuwa ameshashinda Safari ya mwaka 1994 kwa Toyota Celica, alishinda mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic ya mwaka 2009 akiwa na Ford Mustang.

Sheria za Kenya ndizo zinazoyafanya magari haya kuwa adimu. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lenye usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa liwe la kazi maalumu kama kuzima moto au kubeba wagonjwa. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayetamani gari la mwaka 1968 hawezi kuliagiza kama anavyoagiza Toyota ya Japani. Analazimika kutafuta yaliyomo nchini tayari. Hoja hiyo inamhusu pia mwenye Datsun 1600 SSS, mfano ulioshinda Safari ya mwaka 1970, au mwenye Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Kinachopungua kila mwaka bila kuongezwa hakiuzwi kwa pupa.

Sasa, kosa kubwa. Mwenye gari akishaamua kuuza, jambo la kwanza analofanya ni kulipeleka kwa fundi wa rangi. Lazibwa mashimo kwa pati, lapigwa rangi nyekundu inayong'aa, viti vyavikwa ngozi ya bandia mpya, na redio ya zamani yang'olewa ili iwekwe ya kisasa. Ametumia pesa nyingi kuondoa kile ambacho mnunuzi anakitafuta. Mpenzi wa magari ya zamani anataka kuona rangi ya kiwandani hata ikiwa imefifia, anataka kuona kitambaa cha viti kilichotoka na gari, na namba ya injini na ya chasisi zinazolingana na zilizoandikwa kwenye logibuku. Rangi mpya humtia shaka: kuna nini chini yake?

Ushahidi mkubwa wa hili ni Mustang ya kijani iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Familia moja ya Marekani iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, ikaitumia kama gari la nyumbani, kisha ikaiweka kwa miaka mingi. Haikupakwa rangi upya ili ipendeze. Ilipopigwa mnada Florida mwezi Januari 2020 ilikuwa na mikwaruzo na kutu zake, na ikauzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Miongoni mwa vitu vilivyothibitisha historia yake ni barua ya McQueen mwenyewe ya mwaka 1977, akiomba auziwe. Hakuna Mustang ya Kericho itakayofika bei hiyo, lakini kanuni iliyofanya kazi Florida inafanya kazi hata Litein, huku Kericho: hali ya asili pamoja na karatasi.

Hata hivyo, kuacha rangi ya zamani si kuacha uchafu. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na adui wa gari hapa ni kutu inayoanzia chini. Udongo mwekundu hujaa kwenye mikunjo ya bodi, hukaa na unyevu kwa miezi, na bati huliwa kutoka ndani huku juu pakiwa pazuri. Gari lioshwe chini kabisa kwa maji ya nguvu, lianikwe, kisha fundi ashuke shimoni chini yake na tochi na bisibisi. Mnunuzi mzoefu huja na sumaku iliyofungwa kitambaa. Inaposhindwa kushika mlangoni, anajua hapo pana pati. Kwa Land Rover za zamani sumaku haisemi kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aluminiamu. Kutu yake imejificha kwenye chasisi ya chuma, na wapo waliotamani bodi nzima wakagundua baadaye kwamba chasisi iliyoibeba imeoza.

Karatasi ndizo zinazochelewesha mauzo kuliko kutu. Namba za usajili zenyewe zinaeleza umri: gari lililosajiliwa kabla ya mwaka 1989 lina herufi tatu na tarakimu, bila ile herufi ya mwisho iliyoanza na mfululizo wa KAA. Kibao cha namba cha asili kitunzwe. Lakini logibuku je? Ikiwa imepotea, safari inaanzia kituo cha polisi kuchukua hati ya kuripoti upotevu, ndipo maombi ya nyingine yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na kama injini ilibadilishwa zamani, jambo lililozikuta Land Rover nyingi, mabadiliko hayo yaandikishwe kabla mnunuzi hajayagundua mwenyewe.

Jambo zito zaidi ni gari la marehemu. Mtoto anayeishi na gari la baba yake kwa miaka kumi bado hana haki ya kuliuza ikiwa jina kwenye logibuku ni la baba. Sheria ya mirathi inataka familia iende mahakamani na barua ya chifu inayotaja warithi, tangazo litoke katika Gazeti rasmi la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, na kwa kawaida miezi sita ipite tangu msimamizi ateuliwe kabla mali haijagawanywa. Ni muda mrefu, na madalali hupenda kuutumia: wanatoa bei ya chini na kusema watashughulikia karatasi wenyewe. Familia isikubali. Ndugu aliye Nairobi au Ulaya akisikia gari la mzee limeuzwa bila yeye, kesi itakayofuata itakula pesa zote za gari.

Mnunuzi naye atoke wapi? Si lazima awe jirani. Bonasi ya wakulima wa chai wa KTDA inapolipwa, wengi wa Bomet na Kericho hutaka Probox au pikapu ya kubebea mizigo, na wana sababu nzuri. Mnunuzi wa gari la kihistoria yuko katika vilabu vya magari ya zamani na kwenye maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Nairobi mwezi Septemba. Kabla ya kutaja bei, mwenye gari angefanya vyema kwenda huko, kutazama majaji wanavyochungulia boneti, na kuzungumza na wenye magari kama lake. Soko jingine liko Uingereza, ambako usukani uko kulia kama Kenya. Huko gari la kihistoria lenye angalau miaka 30, lililobaki katika hali yake ya asili na ambalo aina yake haitengenezwi tena, linaweza kuingia bila ushuru wa forodha na kwa kodi ya thamani ya asilimia 5 tu. Hali ya asili tena. Mara hii inatakiwa na ofisa wa forodha.

Picha zipigwe mchana, zikionyesha pia kasoro: zulia lililochanika, bampa lililokunjika, namba ya chasisi. Mtu atakayesafiri kilomita 260 kutoka Nairobi hapendi kukuta jambo ambalo hakuambiwa, na akilikuta ataitumia safari yake yote kushusha bei.

Malipo yapitie benki, kwani muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000 na noti za mkononi zina hatari zake. Umiliki uhamishwe kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen mara moja; sheria inampa mnunuzi siku 14 awe amesajiliwa. Mpaka jina libadilike, aliyeandikwa kwenye logibuku ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari, hata likigonga mtu Kaplong yeye akiwa amelala kwake Sotik. Mkataba utaje pia vitu vya stoo kimoja kimoja: kabureta ya asili, vifuniko vya magurudumu, jeki, kitabu cha kiwandani, ufunguo wa pili. Hivyo ndivyo vitu ambavyo wauzaji hukumbuka kuvidai, au wanunuzi kuviulizia, baada ya pesa kulipwa.