Utalii wa milimani: Batwa wawatembeza wageni katika msitu walikofukuzwa

Karibu na Kisoro, nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, kuna matembezi ya mguu yasiyo na haraka. Mgeni hatafuti gorila wala hakimbilii kilele. Anamfuata Mutwa chini ya volkano ya Muhavura na kusimama kila anaposimama: hapa mti wa dawa, pale nyayo za mnyama, mbele kidogo tundu la nyuki. Anaonyeshwa jinsi moto unavyowashwa kwa kupekecha vijiti. Mwishoni wote wanashuka katika pango la Garama, lililoachwa na lava, na kusikiliza nyimbo za Batwa gizani.

Njia hiyo ya Batwa ilifunguliwa kunako mwaka 2011 katika mbuga ya taifa ya Mgahinga, inayopakana na Virunga upande wa Kongo na mbuga ya Volkano upande wa Rwanda. Sehemu ya malipo ya wageni huwaendea waongozaji na waimbaji, nyingine shirika linalotetea Batwa.

Lakini anayeongoza hapo ni mtu ambaye jamii yake ilitolewa katika msitu huo huo. Mwaka 1991, Uganda ilifanya Mgahinga na Bwindi kuwa mbuga za taifa. Wakulima wenye mashamba waliweza kudai malipo. Batwa walioishi kwa kuwinda na kurina asali hawakuwa na shamba la kuonyesha, na wengi hawakupata kitu. Wakabaki kwenye ardhi za watu, wakilima kwa vibarua.

Ndiyo maana matembezi hayo yana uchungu ndani yake. Anachoonyesha Mutwa asubuhi mbele ya wageni, sheria inamkataza kukifanya mchana kwa ajili ya familia yake. Matembezi yakiisha, anatoka mbugani sawa na mgeni.

Mnamo Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwapa Batwa haki: iliona kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha na kwamba serikali inapaswa kurekebisha hali hiyo. Serikali ilikata rufaa.

Kwa wakaaji wa Kivu Kusini, habari hii si ya mbali. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Batwa waliokuwa wakiishi kwenye milima yake walifukuzwa, wengi wakaangukia pembezoni mwa vijiji vya Kabare na Kalehe. Hata hivyo, watalii wa kwanza waliopanda kuona gorila walifikishwa kwao na Batwa waliojua kufuata nyayo. Ujuzi wao ulihitajika. Ardhi yao ilichukuliwa.

Mwaka 2018, familia kadhaa zilirudi mbugani kwa nguvu. Mapigano yaliyofuata yaliua Batwa na walinzi wa mbuga, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya makala, biashara iliyowanufaisha pia watu wengine wenye uwezo zaidi.

Tangu hapo, mambo mawili yamebadilika kwenye karatasi. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za wenyeji asilia Mbilikimo wa Kongo. Na mnamo Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Uamuzi huo unadai warudishiwe ardhi, walipwe fidia na waombwe msamaha hadharani.

Kwa sasa si wakati wa kuwaita watalii. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 mnamo Februari 2025, na utekelezaji wa maamuzi hayo unasubiri. Lakini siku amani itakaporudi, kutakuwa na watu watakaotaka kufungua njia kama ile ya Mgahinga. Inafaa kuuliza mapema: nani atapanga njia ipite wapi? Nani atashika fedha? Na anayewatembeza wageni ataruhusiwa kurina asali ya nyumbani kwake?

Kutembea polepole kunampa mgeni muda wa kusikia. Mutwa anayemtangulia anahitaji zaidi ya msikilizaji: anahitaji mahali pa kurudi jioni.