Foleni ya meli Dar es Salaam inavyowaumiza wauza mafuta wa mikoani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wenye magari, bodaboda na mashine za kusaga husubiri bei kikomo mpya za mafuta. Mjadala unaofuata huwa ule ule: soko la dunia limepanda au limeshuka, shilingi imeimarika au imedhoofika. Hayo ni ya kweli kwa nchi inayoagiza nje petroli na dizeli yake yote, na ambayo kiwanda chake cha kusafisha mafuta ghafi, kilichoanza kazi Kigamboni mwaka 1966, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini katika kila lita zimo gharama zisizotoka Uarabuni wala Ulaya. Zinazaliwa hapa hapa, kati ya meli iliyotia nanga na pampu ya kituo, na anayezibeba zaidi ni yule aliye mbali na bahari.

Tangu 2012 mafuta ya Tanzania huagizwa kwa pamoja. Zabuni hutangazwa, mshindi huleta shehena moja na kampuni nyingi hugawana. Zamani kila kampuni ilijitafutia meli yake, mara nyingi ndogo na ya gharama. Mfumo wa pamoja ulileta nafuu na wafanyabiashara wengi hawataki kurudi nyuma, ila haukuongeza urefu wa gati. Gati la mafuta la Kurasini hupokea meli za takriban tani 45,000. Boya la kushushia mafuta la Mjimwema linaweza kupokea hadi tani 150,000, lakini kwa miaka mingi limetegemewa zaidi kwa dizeli. Petroli imebaki kupanga foleni Kurasini, na meli inayosubiri hudai fidia kwa kila siku, kwa dola. Fidia hiyo huingizwa kwenye ukokotoaji wa bei, hivyo dereva wa bajaji anailipa bila kujua kwamba kuna meli ilikaa nje ya bandari.

Hata meli ikifunga gati, shida haijaisha. Mafuta yanasukumwa kwenda kwenye maghala ya wamiliki tofauti, na ghala likiwa limejaa, kazi husimama. Sehemu kubwa ya mafuta yanayopita Dar es Salaam ni ya Zambia, Congo, Rwanda, Burundi na majirani wengine. Mteja wa nje akichelewa kulipa au malori yake yakichelewa kurudi, matangi hayapungui na meli ya nyuma inaendelea kuhesabu siku.

Jibu la serikali ni ujenzi wa matangi 15 yenye ujazo wa mita za ujazo 378,000, sawa na lita milioni 378, ambako meli itamwaga shehena yote kabla ya kugawanywa. Ofisa mmoja anayeufahamu mradi huo anaamini kwamba matangi hayo yataondoa gharama za meli kusubiri. Huenda zikapungua. Kusema zitaondoka kabisa ni kuahidi mengi, kwa sababu tangi huhifadhi tu. Mafuta lazima pia yatoke, na njia ya kutokea kwa sehemu kubwa ni ile ile barabara yenye mizani, vituo vya ukaguzi na msongamano wa mpakani Tunduma.

Hapo ndipo penye kilio cha mfanyabiashara mmoja wa mkoa wa Kigoma mwenye kituo cha pampu mbili, aliyeomba asitajwe jina. Yeye hulipa fedha zote kabla lori halijapakia, nyingine zikiwa za mkopo. Lori la lita 35,000 hivi huweza kukaa siku kadhaa nje ya ghala likisubiri zamu. Dereva na utingo wanalala chini ya tela, wanakula kwa mama ntilie, na posho inaendelea kukatika. Siku ya kupakia, kila chemba hupimwa kwa kijiti na kufungwa lakiri, kisha inaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

“Ndugu yangu, bei ikishuka lori langu likiwa Singida, hasara ni yangu peke yangu,” anasema. “Ikipanda, kesho yake naambiwa nilificha mafuta.”

Madai yake mengine yanahitaji kusikilizwa. Bei ya mkoani huongezwa usafiri kwa kuangalia umbali, lakini siku za kusubiri hazina umbali. Mafuta yaliyopakiwa kwenye joto la Dar es Salaam hupungua ujazo yakifika kwenye baridi, na yeye huuza kwa lita. Umeme ukikatika huwasha jenereta kwa dizeli yake mwenyewe. Faida yake kwa lita imeshapangwa kwenye kanuni ya bei, kwa hiyo riba ikimzidi hana pa kuipeleka. Ndiyo maana, anasema, wenzake wengine wameona heri kufunga kuliko kuuza kwa hasara, na vijiji vyao vimerudi kwenye petroli ya chupa za maji pembeni mwa barabara, isiyo na kipimo na yenye bei ya muuzaji.

Katikati ya 2023, dola zilipoadimika, vituo vingi vya mikoani vilikauka. Wapo waliofungiwa kwa tuhuma za kuhodhi, na bila shaka baadhi walihodhi kweli. Lakini wakati huo wananchi waliendelea kuambiwa akiba inatosha. Taarifa za akiba mara nyingi hutaja pamoja mafuta yaliyo ghalani na yale ambayo bado yako melini. Kwa mkulima wa Kasulu mwenye pampu ya kumwagilia, lita iliyo baharini si akiba.

Mbali na barabara, zipo njia nyingine za kupitisha mafuta. Bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika 1968 baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru na Zambia kukosa njia ya kusini, tangu 2023 linapitisha dizeli iliyosafishwa badala ya malighafi. Limepunguza malori ya dizeli, ila linaanzia bandari ile ile yenye foleni ya meli, na petroli bado inapita barabarani. Bomba la kilomita 1,443 la Hoima, Uganda, hadi Tanga ni la mafuta ghafi ya kuuza nje. Faida yake kwa taifa inaweza kuwa kubwa, lakini halitapeleka petroli Kibondo. Bandari za Tanga na Mtwara zinapokea mafuta na zinaweza kupunguza mzigo wa Dar es Salaam, iwapo maghala yatafuata.

Matarajio ya karibu ni nafuu ndogo, tena isiyo sawa. Matangi yakikamilika, Dar es Salaam itaanza kuiona. Kigoma itasubiri reli ya kutegemewa na ghala la mkoani. Kwa sasa redio husoma bei ya mwisho tu. Ingefaa isomwe pia kila mwezi meli zilisubiri siku ngapi na kila lita imelipia kiasi gani kwa kusubiri huko. Bila hesabu hiyo masikioni mwa wananchi, mradi wowote utakaozinduliwa utasifiwa kwa ukubwa wake, na mwenye kituo cha pampu mbili ataendelea kuitwa mhodhi kila bei inapopanda.