Jina la Kiajemi, mawe ya wapi? Hekalu la Mithras na ubishi wetu wa Ushirazi

Hapa kwetu Chwaka kuna ubishi barazani hauishi: ati Mshirazi hasa ni nani? Mmoja anasema wazee wetu walishuka na majahazi kutoka Shirazi, Uajemi. Mwengine anasema hizo hadithi tu, watu ni wa huku huku na jina wamejivika. Leo nakuleteeni kisa cha mbali, cha Warumi wa kale. Wataalamu wa akiolojia walibishana ubishi kama huo huo, na njia waliyopita inatufaa na sisi.

Kwenye dola ya Roma, kuanzia mwisho wa karne ya 1 mpaka karne ya 4, kulikuwa na dini ya siri ya mungu aitwae Mithras. Wafuasi walikuwa wanaume watupu, wengi wao askari, watumishi wa serikali na wafanyabiashara. Hawakutuachia kitabu chao. Karibu yote tunayoyajua yametoka chini ya ardhi.

Mahekalu yao yamefukuliwa kutoka Uingereza mpaka Syria, na yanafanana: chumba kirefu chembamba, mara nyingi kimezama ardhini, giza kama pango. Kushoto na kulia kuna mabaraza ya mawe ambayo watu walijilaza wakila karamu. Mbele kabisa ipo sanamu ya Mithras anamuua fahali. Mengi ni madogo, watu 30 au 40 wameshajaa.

Mwaka 1954 lilionekana moja London wakati wa kujenga jengo la ofisi, na watu wakapanga foleni kwa maelfu kulitazama. Tangu 2017 mabaki yake yamerudishwa pale pale, chini ya jengo la Bloomberg. Na mjini Roma, kwenye kanisa la San Clemente, ukishuka ngazi unakuta kanisa la zamani zaidi, na ukishuka tena unakuta hekalu la Mithras. Tabaka juu ya tabaka.

Sasa ubishi. Mithra ni jina la mungu wa Waajemi wa kale. Dini hii ilikuwa na daraja 7, na ya 5 iliitwa "Mwajemi". Bas, mtaalamu wa Ubelgiji, Franz Cumont, kwenye vitabu vyake vya miaka ya 1890 akasema dini hii asili yake ni Uajemi, Warumi waliipokea tu. Wengi walimfuata kwa miaka kama 70. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa Manchester, wengine wakauliza: kama ni hivyo, mahekalu ya huko Uajemi yako wapi? Iran haijapatikana hata sanamu moja ya Mithras akiua fahali. Ushahidi wa mwanzo wote umo ndani ya dola ya Roma. Siku hizi wengi wanaona jina na baadhi ya mambo yalitoka mashariki, lakini dini yenyewe, na mahekalu yake, ilijengeka kwa Warumi.

Turudi Unguja. Majina ya Kiajemi tunayo tele. Makunduchi kila Julai wanapigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, na jina lake jengine ni Nairuzi, neno la Kiajemi la siku mpya. Hadithi ya Kilwa inataja majahazi 7 kutoka Shirazi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi ya pale kibla ni ya kale, na yamechongwa kwenye matumbawe ya pwani yetu. Zamani wataalamu wa kigeni wakiona vitu hivi walisema miji ya pwani imeletwa na wageni. Si yale yale ya Cumont?

Halafu watu wakachimba. Unguja Ukuu, mji wa tangu karne ya 7, vyungu vingi vilivyofukuliwa ni vya Kiafrika, vimechanganyika na bidhaa za ng'ambo. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, ya mwanzo midogo ya miti, ya karne ya 8. Yaani mji ulikua wenyewe, hatua kwa hatua.

Kwa hio Ushirazi ni uzushi? Ngoja kwanza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba, yaani DNA, ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Upande wa mama, asili kubwa ni Afrika. Upande wa baba, wengi wana asili ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Wazee hawakutudanganya, na vyungu navyo havikudanganya. Ila makaburi hayo si ya Unguja, na mengi ni ya wakubwa wa mji, kwa hio usijipimie ukoo wako humo.

Kwa nini nasema yote haya? Jina hili limebebeshwa siasa, hadi chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957, na hadi leo kuna mtu anaambiwa barazani "wewe si wa hapa" kwa ajili ya jina tu. Jina la Mithras peke yake lilipoteza wataalamu miaka 70. Akikwambia hivyo, muulize amechimba wapi.

Nawasilisha. Maoni hapo chini, bila ya matusi jamani.