Kabla hujalegeza kifyatulio cha bastola, sikiza habari za bunduki za msituni Nyeri

Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, ifunge kamba, kisha ininginize kwenye kidole cha shahada. Ongeza nusu kilo hivi. Huo ndio uzito ambao kidole kinavuta ili Glock ya kawaida, vile ilivyotoka kiwandani, itoe risasi. Kwa wengi si mzigo wa kulalamikia. Lakini ukiingia YouTube utakuta jamaa wa Marekani wakibadilisha springi na vipande vingine vya ndani ili uzito huo ushuke hadi chini ya kilo mbili, wakisifu jinsi kidole kinavyoteleza. Video hizo zinatazamwa Nyeri, Karatina na Nanyuki pia, hata na vijana ambao hawajawahi kushika bastola maishani.

Swali lao ni la maana. Ukivuta kwa nguvu nyingi, mkono unatikisika na risasi inaenda kando. Kifyatulio chepesi kinasaidia shabaha, hilo hakuna anayelipinga. Shida ni kwamba uzito ule haukuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Angalia Ceska, jina ambalo halikosi kwenye habari za uhalifu hapa kwetu. Katika ile CZ 75, ukiibeba nyundo ikiwa imelala, risasi ya kwanza inahitaji mvuto mrefu na mzito, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo. Zinazofuata ni nyepesi kwa kuwa nyundo tayari imeinuliwa na mlipuko wa kwanza. Ule uzito wa mwanzo ni kama mlango wa pili wa nyumba: unakupa nafasi ya kugeuza nia. Springi ya nyundo nayo ina kazi nyingine. Ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupiga pini, na pini ikapiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Ukiweka springi dhaifu, kidole kitafurahi, lakini siku moja utasikia "tka!" na risasi isitoke.

Wazee wa mlima huu walilijua hilo bila YouTube. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walikuwa na silaha chache mno za kiwandani. Wakajiundia. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako kilichongwa kwa mti, na badala ya nyundo na pini walitumia komeo la mlango lililovutwa nyuma kwa ukanda wa mpira. Ukiliachia, mpira unalirusha komeo mbele, linagonga fataki, na kama Mungu yuko nawe, risasi inatoka mbele badala ya kukupasukia usoni. Bunduki nyingine zilipasuka kweli, zikawaumiza wenyewe.

Sasa fikiria kazi ya fundi yule. Mpira ukilegea, komeo linagonga kwa unyonge na fataki haiwaki, huku adui anakutazama. Mpira ukikaza sana, komeo linataka kuchomoka lenyewe mtu akijikwaa kwenye mizizi. Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi ndogo sana. Ni hesabu ile ile ya springi ya Glock, tofauti ni kwamba yeye alikosa la kuchagua. Anayenunua springi laini ili ajisikie vizuri ana chaguo.

Hata jeshi la Uingereza lilipitia haya. Bastola yake ya Enfield namba 2, ya .38, ilifanana mno na Webley hadi kampuni ya Webley ikaishtaki serikali. Mwaka wa 1938 likatoka toleo la askari wa vifaru: kishikio cha nyundo kikakatwa kisinase ndani ya kifaru, na springi ikapunguzwa nguvu ili kidole kisihangaike. Wahandisi wa jeshi zima ndio waliolifanya, wakiwa na karakana na risasi za kujaribia. Hawakulifanya nyuma ya kibanda cha kuchomelea vyuma.

Nyeri ina sababu ya kuikumbuka .38. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya mguu na askari kanga, Ndirangu wa Mau, kisha akakamatwa akiwa na bastola ya Webley Scott ya .38 na risasi sita. Alishtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na silaha. Chini ya sheria za hali ya hatari, kuwa nayo tu kulitosha kumfikisha kitanzini, na alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba aliifyatua.

Leo sheria si hiyo, lakini kuwa na bastola bila cheti bado ni kosa zito chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Wenye vyeti nao wanachunguzwa: Desemba 2018, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Fred Matiang'i, aliwapa siku 90 wajitokeze wahakikiwe upya. Na anayetengeneza silaha za watu kwa malipo lazima awe amesajiliwa. Kwa hivyo yule fundi wa pikipiki anayekwambia "leta nikurahisishie" anakutafutia kesi, hata kama mikono yake ni ya dhahabu.

Je, wanaoshindana kulenga shabaha? Hao wana sababu, na bado wamewekewa mipaka. Kwenye Olimpiki, kifyatulio cha bastola ya mita 25 hakiruhusiwi kuwa chini ya gramu 1,000, na ile ya hewa ya mita 10 chini ya gramu 500. Lakini silaha hizo huwekwa risasi kwenye mstari wa kulenga tu, kwa amri. Haziingii kwenye matatu ya kwenda Othaya zikiwa kiunoni. Polisi wa New York, ambao kazi yao ni kutembea nayo mjini, walienda upande wa pili kabisa: walipochukua Glock miaka ya 1990 waliagiza springi nzito, hadi mvuto ukapita kilo tano. Maafisa wengi walilalamika kwamba wanakosa shabaha, na nadhani walikuwa na haki. Kilo tano ni nyingi. Lakini angalau walijua kwa nini zimewekwa.

Kama una cheti na kweli kifyatulio chako kinakusumbua, mpelekee muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, na umwulize kama ana mizani ya kifyatulio, ile ndogo yenye ndoano. Apime mbele yako kabla hajafungua skrubu hata moja, kisha apime tena akimaliza. Asiye na mizani hiyo anakisia, na anayekisia hafai kuguswa na bastola yako.