Mtoto Aliyenyamaza Wodini

Katika wodi ya watoto, iwe katika hospitali ya Rubya, ya Ndolage au ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera mjini Bukoba, anayelia ndiye anayetazamwa. Aliyenyamaza husifiwa kwamba amezoea. Huyo ndiye wa kumwangalia kwa makini.

Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi London pamoja na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby, alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane bila mama yake. Enzi hizo wauguzi waliamini kuwa mtoto akitulia, majonzi yamekwisha. Robertson aliona mambo mengine: mtoto huanza kwa kulia akimdai mzazi, hukata tamaa na kunyamaza, kisha hujitenga hata na mama mwenyewe akija. Mwaka 1959 ripoti ya Platt, iliyohusu watoto waliolazwa, ilipendekeza hospitali za Uingereza ziwafungulie wazazi milango. Kwetu Kagera, mama au bibi kulala na mgonjwa wake ni jambo la siku zote. Kwa mtoto hiyo ni sehemu ya matibabu, na anayemuuguza anastahili mahali pa kujilaza na pa kupikia uji.

Tena mama huyo ana kazi hata wakati wa sindano. Wilayani Muleba, malaria ni adui wa miaka mingi, na watoto wengi huijua dripu mapema. Mara nyingi mtoto hulazwa chali, akakandamizwa na watu wazima huku akiambiwa haiumi. Katika mwongozo wake wa chanjo wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto mdogo ashikwe akiwa wima mikononi mwa mlezi, anayenyonya anyonyeshwe, na asidanganywe. Aliyeogopeshwa hubaki na kumbukumbu ya maumivu makali, na safari ijayo hofu humtangulia daktari. Fikiria mtoto mwenye uvimbe wa taya wa saratani ya Burkitt, aliyepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza: dawa zake huja kwa awamu, nyingine zikipitishwa uti wa mgongo, na hofu hiyo huweza kumrudia kila awamu.

Kuhusu kumwambia mtoto ukweli, Kagera ina somo lake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na yatima wakawa wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa Humuliza wa Nshamba, Muleba, uliwafundisha walimu na walezi kuitambua huzuni ya mtoto na kuzungumza naye. Yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Watu wazima walidhani kimya kinawakinga watoto, kumbe kiliwaacha peke yao na maswali.

Wodini ni vivyo hivyo. Mtoto mdogo asiyeelezwa huweza kuamini kuwa ameugua kwa sababu alikosea, kwamba sindano ni adhabu. Hata kwa VVU, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, na wadogo zaidi waandaliwe kidogo kidogo.

Mzazi uliye wodini leo, mwambie mwanao kitakachofanyika kabla hakijafanyika, na kama kitauma, sema kitauma. Kisha muulize anadhani kwa nini anaumwa, umsikilize mpaka amalize. Nanyi wauguzi, mpeni mama nafasi ya kumpakata.